Miguu Ikitetemeka, Usijikaze

Nyinyi wasichana mliokuja kwangu juzi na mwalimu wenu, mkitaka niwape ngoma ya kupeleka mashindanoni, mmeniacha vibaya. Tangu muondoke sijakaa. Nimefagia uwanja mara mbili, nimefukuza mbuzi wa jirani ambao hata hawakuwa wamekosa, na sasa naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kifuniko cha pipa la maji. Nilisoma mpaka darasa la tatu, halafu baba akaona ng'ombe wananihitaji kuliko mwalimu. Kwa hivyo mnisamehe mwandiko. Maneno yenyewe siyaombei msamaha.

Niliwaambia mpange mstari muimbe. Mbele yenu kulikuwa na nani? Mimi na kuku wanne. Na bado niliona magoti yakicheza peke yake, na yule mrefu wenu akameza mate mpaka nikasikia. Halafu mwalimu wenu, mtoto mzuri, ana adabu, akasema lile neno. "Jikazeni."

Nilitaka kumrushia kiatu.

Si kosa lake. Hata mimi nililisema hilo neno miaka mingi, na kuna mtu alivunjika mfupa kwa sababu yake. Ndiyo maana sikai.

Nilicheza ngoma kwa mshahara miaka tisa, kisha nikafundisha wachezaji miaka kumi na sita, hapa Kambu, katika kikundi kilichokuwa kinacheza kwenye hoteli moja kando ya barabara kuu ya Mombasa. Jina la hoteli sitalitaja. Wageni walikuwa Wazungu waendao kuona ndovu. Walisimama hapo kunywa chai ya saa kumi, na sisi tulikuwa pamoja na chai, kama keki. Jumamosi na Jumapili. Mchungaji wetu alituombea toba Jumapili asubuhi, na alasiri tukaenda tukafanya tena yale yale. Wajukuu wangu wakisikia eti bibi yao, Susu wao, alikuwa mfanyakazi wanacheka. "Susu, kucheza ni kazi?" Shika goti hili langu, kisha uniulize tena.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa mke mpya, nimetoka Migwani, najua kucheza kuliko wote. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Kwetu nilicheza kwenye harusi na kwenye mavuno, na hakuna aliyeniweza. Wakanivalisha shanga, wakanifunga njuga kwenye vifundo vya miguu, kengele ndogo za chuma, kama ishirini kila mguu. Tukapanga mstari mbele ya wageni. Ngoma ilikuwa haijapigwa. Kimya. Nikaona macho yale ya rangi ya maji yote yananitazama, na vikombe vimesimama hewani.

Nikasikia chii-chii-chii-chii.

Nikageuka nione ni nani. Ilikuwa miguu yangu. Njuga zilikuwa zinalia zenyewe, na kadiri nilivyotaka zinyamaze ndivyo zilivyopiga kelele. Mama mmoja wa Kizungu akaweka kikombe chini akaanza kupiga makofi. Alidhani tumeanza.

Kiongozi wetu alikuwa Mzee Mutinda. Alikuwa mwanajeshi zamani, ana filimbi shingoni na mgongo ulionyooka kama mwiko. Akanong'ona kutoka nyuma, "Nani ameanza bila mimi?"

"Si mimi, Mzee. Ni mguu."

"Basi mwambie mguu wako bado sijapuliza!"

Mstari mzima ukacheka, filimbi ikalia, tukaanza, na ngoma ikanichukua. Lakini baada ya hapo niliitwa Mguu kwa mwaka mzima. "Mguu ameamka? Mguu anakula?" Hata mume wangu.

Sasa, kabla sijasahau, kwa sababu leo akili yangu inarukaruka kama panzi: msikae mkingojea zamu yenu. Huo ndio ujinga wa kwanza. Mnakalishwa kwenye benchi, mnaangalia wenzenu wakifanya vizuri, na mwili mzima unaganda kuanzia kwenye makalio. Ngojeni mkitembea. Zungukeni nyumba, kanyageni chini muisikie ardhi, kung'uteni mikono kama mliotoka kuosha vyombo hakuna kitambaa. Mkiulizwa mnakwenda wapi, semeni chooni. Hakuna atakayebisha.

Narudi kwa Mutinda. Dawa yake ya kutetemeka ilikuwa ya jeshi. Alinisimamisha juani na njuga zangu na akaketi kwenye kivuli. "Sitaki kusikia hata moja. Kaza magoti! Kaza tumbo! Kaza matako, wewe mke wa watu!" Nikakaza. Na kweli njuga zikanyamaza. Mguu uliokazwa mpaka mwisho hautikisiki, ni kama nguzo ya simu. Nikaona nimepona. Na nilipozaa mtoto wa tatu, na Mutinda akaniambia niache kurushwa hewani kwenye ngoma nianze kufundisha wasichana, nikawafundisha hivyo hivyo. Nilikuwa napita mstarini na fimbo ndogo nikigusa nyuma ya magoti yao. Nikikuta goti limelegea, nachapa. Kidogo tu. Nasema ukweli, nilichapa.

Mara ya kwanza ardhi kunionya ilikuwa Mwingi. Tuliitwa kucheza sikukuu ya taifa, tukafika mapema sana kwa lori, tukasimamishwa uwanjani. Hotuba zikawa ndefu, jua likawa jua la Mwingi, mnalijua. Wasichana wangu walisimama vizuri mno. Magoti yamekazwa, vifua mbele, njuga kimya. Nilikuwa najivuna mpaka nikawa mrefu. Kisha mmoja akaanguka. Hakukunja hata kiungo, alikwenda chini mzima kama mlango uliotolewa bawaba. Nikamkimbilia, na nyuma yangu nikasikia wa pili, pu!

Watu wakasema ni jua. Wengine wakasema ni mapepo, maana kwetu mtu wa ngoma akianguka hawakawii kusema hivyo. Mama mmoja Msomali mwenye duka la nguo alileta maji kwenye birika, akawashika miguu, akaminya mapaja yao, akanitazama.

"Mama, hawa wako kama ukuni. Nani aliwafunga?"

"Hakuna aliyewafunga. Wamejikaza."

"Basi wamejifunga. Damu imekaa chini, kichwa kina upepo. Hata ngamia akisimama sana anabadilisha mguu."

Mimi, kufundishwa ngoma kwa mfano wa ngamia! Nilimshukuru kwa maji, mengine nikayaacha pale pale kwenye vumbi. Kiburi kilikuwa kimenijaa. Huyo mama aliniambia yote bure, kwa dakika moja, na ningemsikia, Mwende asingeanguka.

Mwende alikuja kikundini akiwa na miaka kumi na tisa. Aliishi na dada yake nyuma ya maduka. Mwembamba, mweusi wa kung'aa, mdomo mkali. Alikuwa na kitu ambacho siwezi kumfundisha mtu: akiruka, hana haraka ya kushuka. Ngoma yetu ilikuwa na mahali pa kurushwa. Mwanamume anaingia chini yako kwa bega, anakunyanyua, unapinduka hewani kupitia mgongo wake, unatua nyuma yake kwa miguu miwili na unaendelea kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea. Wageni walielekeza hapo kamera zao. Mwende alirushwa na Kioko, kijana mpole mwenye shingo ya fahali, na nilipowatazama nilisahau watoto wangu wako wapi.

Lakini kabla ya kutoka alitetemeka kuliko wote. Nyuma ya jiko la hoteli, mahali tulipokuwa tunangojea, njuga zake zilikuwa mvua. Na mimi nini? Nikampa dawa yangu. Nikamshika mabega, nikamwambia, "Jikaze. Kaza magoti, kaza tumbo, usipumue sana." Akajikaza. Njuga zikanyamaza. Nikamsukuma aende.

Jumamosi moja alikwenda akiwa amekazwa hivyo mpaka kwenye kurushwa. Kioko aliingia chini yake na akamnyanyua, na baadaye aliniambia, "Nilihisi nimebeba ngazi." Mtu anayerushwa lazima alegee ili apinduke. Mwende hakupinduka. Akiwa juu, mwili umegoma, akamkamata Kioko shingo kwa mikono miwili, na wote wawili wakaja chini kwenye saruji. Ule mfupa unaopita chini ya shingo kwenda begani ulilia. Niliusikia kutoka mlango wa jiko. Wageni walipiga makofi kidogo, halafu wakaacha.

Miezi mitatu Mwende alikaa kwa dada yake, mkono umefungwa kwa leso. Nilikwenda kila wiki na maziwa. Nilikuwa nikifika naongea bila kupumzika, habari za nani amezaa na nani ameuza punda, ili asipate nafasi ya kuniambia ninachokijua. Wiki ya nane hivi akanikatiza.

"Mwaitu, nataka kurudi."

Mwaitu ni mama, kwa heshima. Angeniita vinginevyo ningestahili.

"Utarudi. Utacheza mstarini. Kurushwa nitampa mwingine."

"Sikusema mstarini. Nataka kurushwa na Kioko, pale pale."

"Una wazimu?"

"Nikilala naanguka. Nikiosha vyombo naanguka. Jana nilimbeba mtoto wa dada, nikaanguka nimesimama. Nataka kutua, mara moja. Unaweza kunifundisha au huwezi?"

Nikasema naweza. Sikuwa na habari nitaanzia wapi.

Mfupa uliposhika nilimwita uwanjani kwangu. Nikamfunga njuga, nikamwambia asimame tu. Ikawa mvua. Nikafungua mdomo kusema jikaze, nikaufunga kabla lile neno halijatoka. Nilisema, "Nenda nyumbani." Nikabaki nazunguka mti wa mwarobaini mpaka mume wangu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Siku chache baadaye nilikuwa nyuma yake njiani, tunatoka mtoni na maji. Mto wenyewe ni mchanga, unachimba ndipo unapata. Mnajua sisi Wakamba wanawake hatubebi kichwani. Mtungi unakaa mgongoni, na mukwa, ule ukanda wa ngozi, unapita kwenye paji la uso na kushika mzigo wote. Tulikuwa kando ya barabara kuu. Lori likapunguza mwendo, turnboi, yule utingo wake, akatoa kichwa.

"Wee mrembo! Tua huo mzigo nikubebe wewe!"

Mwende hakusimama. "Jibebe wewe kwanza, hiyo suruali inakushinda!"

Lori zima likacheka. Na mimi nikasimama katikati ya njia kwa sababu nilikuwa nimeona magoti yake. Wanaume wanane wanamtazama, wanamzomea, gari linanguruma, na magoti yake yamelegea, yanakwenda kama maji. Kiuno kinajibu kila hatua. Mgongo uko hai. Nikajiuliza, huyu huwa anatetemekea wapi, basi? Mzigo ulikuwa umeupa mwili wake kazi, na mwili wenye kazi hauna nafasi ya ujinga.

Nilikimbia nyumbani maji yakimwagika.

Sasa sikieni kosa langu la pili, maana lilikuwa la kuchekesha. Nikawaita wasichana wote, nikawaambia kila mtu aje na mukwa na debe la maji nusu. Tukafanya mazoezi ya hatua na mizigo mgongoni, wiki nzima. Njuga zikalia vizuri, kwa wakati wake. Nikaimba! Jumamosi tukaondoa mizigo tukaenda kucheza. Wote walicheza wakitazama chini, shingo zimesukumwa mbele, wanawake kumi na mbili wanasukuma kwa paji la uso ukanda ambao haupo. Mutinda aliniita pembeni.

"Wamepoteza sindano?"

"Hapana, Mzee."

"Basi ni nini wanatafuta kwenye saruji ya watu?"

Mukwa unafundisha magoti, kiuno na mgongo, lakini shingo unaiharibu. Tangu tukiwa na miaka sita tunausukuma, na ukitoka tunaendelea kuusukuma. Shikeni vichwa vyenu sasa hivi mtaona. Hata nyinyi wa bweni mnaokunywa maji ya mfereji, mmebeba vitabu kwa shingo hiyo hiyo.

Jibu lilikuja lenyewe. Tulikuwa mimi na Mwende peke yetu uwanjani. Mzigo wake ulikuwa umelegea, nikamwambia asimame niufunge upya. Nikatoa debe, nikabaki nimeshika ncha mbili za mukwa nyuma yake, ukanda bado uko kwenye paji lake. Nikavuta kidogo ili nisiuangushe. Mwili wake ukatulia kama wa mtu aliyebebeshwa: magoti yakalegea, pumzi ikashuka tumboni. Kisha mtoto wangu akaniita, nikageuka, mikono yangu ikalegeza polepole bila kujua.

Kichwa cha Mwende kikapanda. Hakukiinua yeye. Kilipanda chenyewe, kama mkate unavyoumuka, na shingo ikafuata, na mgongo ukafuata. Macho yake yakawa mbele. Njuga hazikulia.

"Umefanya nini?" akaniuliza.

"Sijui. Nyamaza. Tufanye tena."

Tulifanya mpaka kuku wakaingia kulala. Mnafanya hivi. Mmoja anavaa ukanda kwenye paji, na leso iliyokunjwa inatosha. Mwenzake anasimama nyuma, anashika ncha, anavuta taratibu, si kama anavuta ng'ombe. Wewe uliyevaa usishindane, wacha mzigo uingie mpaka nyayoni. Toa pumzi nje kwa sauti, hhhaa, kama mwanamke anayetua kuni. Toa kwanza. Hawa wanaowaambia mvute pumzi kubwa wanawajaza upepo juu ya upepo. Kisha tembeeni hatua kumi hivyo hivyo wawili, na mwenzako alegeze kidogo kidogo wakati mnatembea, bila kukuambia. Usiinue kichwa. Kiache. Siku ya kumi utaweza kuukumbuka mukwa bila mukwa. Mimi hata kanisani nikiitwa kuomba mbele ya watu nauvaa ule usiokuwepo, na hakuna anayejua.

Kutetemeka hakuishi. Msinisikie vibaya. Mwende alitetemeka siku zote, lakini mtetemeko ulikuwa unapata pa kupitia, unashuka magotini, unatoka chini. Ukikaza goti umeufungia ndani, nao utavunja kitu.

Tulifanya hivyo miezi miwili. Tukarudi kwenye kurushwa hatua kwa hatua, kwanza kwenye mchanga wa mto, na wanawake wanne pembeni wa kumdaka. Kioko alikuwa anaogopa kuliko yeye. Jasho lilimtoka kabla hajamgusa.

"Kioko, unanishika kama yai," Mwende akamwambia.

"Nilishakuvunja mara moja."

"Ulivunja mfupa. Mdomo bado ni mzima. Nirushe."

Mchangani alitua. Mara ya tatu, mara ya kumi. Lakini mchanga si saruji, na wanawake wanne si wageni hamsini. Mutinda akaja kuniambia kwamba hoteli inangoja kundi kubwa la wageni Jumapili ya mwisho wa mwezi, na meneja anataka kurushwa kurudi. Alikuwa amepata msichana kutoka Kitui.

"Mpe Mwende," nikasema.

"Kavutha, huyu akianguka tena mbele ya watu, hatainuka. Nimeona askari hivyo."

"Mzee, askari wako ulikuwa unawakaza."

Alikuwa na haki ya kunifukuza. Akasema, "Jumapili, basi. Na kosa likitokea ni lako."

Lilikuwa langu hata bila yeye kusema.

Jumapili hiyo sikusikia hata neno la mahubiri. Saa tisa tulikuwa nyuma ya jiko. Nilimzungusha Mwende kati ya matangi ya maji na kamba za nguo mpaka mpishi akatoka na mwiko.

"Nyinyi wanawake mnanikanyagia dania yangu!"

"Tutapanda ingine!" nikamwambia, tukaendelea kuzunguka.

Njuga za Mwende zilikuwa mvua ya masika. Midomo imekuwa ya kijivu. Ngoma ya kwanza ikalia kule mbele, na nikaona magoti yake yanataka kurudi nyuma na kufunga, na mikono yangu mimi mwenyewe ikainuka kumshika mabega. Lile neno lilikuwa mdomoni. Nawaambia ukweli wa Mungu, lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Nikavua leso yangu kichwani badala yake. Nikaikunja, nikaipitisha kwenye paji lake, nikashika nyuma. Nikavuta. "Tembea," nikasema. Tukatembea hivyo, mimi nyuma yake kichwa wazi kama mwehu, kupita mlango wa jiko, kupita mapipa ya takataka, mpaka kona ambapo wageni wangetuona. Hhhaa, akatoa pumzi. Nikalegeza. Leso ikabaki mikononi mwangu, naye akaenda.

Alikuwa anatetemeka, niliona. Lakini magoti yalikuwa maji.

Ile ngoma sikuiona yote. Nilikuwa natembea nyuma ya ukuta, natoka upande mmoja natokea upande wa pili, na kila nikitokea naona kipande: mstari, filimbi ya Mutinda, vumbi, mgongo wa Kioko. Ilipofika kurushwa nilikuwa upande mbaya. Nilikimbia. Nilitokea akiwa juu tayari, kichwa chini, miguu inakuja, na hakuwa na haraka ya kushuka. Akatua. Saruji ikasema tap, mara moja, miguu yote miwili. Hakusimama kusifiwa. Aliendelea na hatua ya nne, ya tano, kama kawaida.

Sikulia. Niliuma leso.

Walipotoka, wenzake wakamrukia, Kioko akakaa chini kwenye dania ya mpishi na kufunika uso. Mutinda alitoa filimbi shingoni, akaitazama, akairudisha, na kwa Mutinda hiyo ilikuwa hotuba. Mimi nilikuwa tayari na maneno yangu. Kwa wiki nzima nilikuwa nimeyapanga: kwamba atakuwa mwalimu wa pili, kwamba tutafundisha pamoja, na magoti yangu yakiisha kikundi kitakuwa chake.

Akaja kwangu. Akainama akafungua njuga, mguu mmoja, mguu wa pili, akanipa. Zilikuwa za moto.

"Mwaitu, asante. Sirudi tena."

"Jumamosi?"

"Jumamosi wala siku nyingine. Nitauza machungwa na dada yangu pale stendi."

"Machungwa! Baada ya hii? Umeona ulivyotua?"

"Nimeona. Ndiyo nilitaka." Alikuwa anacheka na machozi yanashuka. "Sipendi kurushwa, Mwaitu. Sikupenda tangu siku ya kwanza. Nilikuwa najua tu kuruka. Lakini singeweza kuacha nikiwa chini. Sasa niko juu, naacha."

Nikamwambia maneno mabaya. Siyaandiki. Nilimwambia juu ya maziwa niliyombebea na miezi yangu miwili, kana kwamba alikopa. Alisikiliza mpaka mwisho, magoti yamelegea, kichwa kiko mahali pake, pumzi inakwenda vizuri. Nilikuwa nimemfundisha vizuri sana. Hakuna neno langu hata moja lililomwangusha.

Akasema, "Nisindikize basi mpaka barabarani."

Kwetu mtu hatoki peke yake. Hata mtu aliyekuja kukudai unamsindikiza hatua mbili. Na mimi, niliyewafundisha watu wote Kambu kutembea, nilibaki pale mlangoni pa jiko, magoti yamekazwa. Alinisubiri kidogo. Kisha akaenda mwenyewe, akapita matangi, akapita lango, na mgongo wake ulikuwa mzuri.

Machungwa yake nilinunua miaka mingi. Tulisalimiana, tukacheka, alizaa watoto watano wote wenye midomo. Ile siku hatukuitaja, hakuna hata mmoja wetu, mpaka akahamia Mombasa.

Kwa hivyo njooni Jumamosi na leso zenu. Nitawafundisha, na mtakwenda mashindanoni mkitetemeka na mtafanya vizuri, hilo silo linaloninyima kukaa. Linaloninyima kukaa ni yule mrefu wenu anayemeza mate. Wewe. Nilikutazama, na sikuona mtu anayeogopa kuanguka tu. Ukishamaliza kuimba, ukishatua, ukaona kwamba hupendi, kwamba hutaki kusimama mbele ya watu tena maishani, njoo uniambie mwenyewe. Nitakasirika. Nitakasirika sana, najijua. Wewe nisubiri langoni. Nitavaa viatu, nikusindikize.